Dairekta na Kaburi Lisilo na Mtu

Dairekta alikuwa na koti la ngozi, na alilivaa Migori mjini saa saba mchana, wakati hata mbwa wamejilaza chini ya magari. Jasho lilimtoka mpaka puani. Ukimwambia avue, anasema, "Mtu wa filamu havai kulingana na jua. Anavaa kulingana na kazi." Sikuwahi kuelewa ni kazi gani inayohitaji koti la ngozi katika chumba kimoja juu ya duka la mbolea, wanafunzi kumi na mmoja tumekaa kwenye viti vya plastiki. Lakini siku zile nilidhani kila nisichokielewa ni kwa sababu niliishia darasa la nane.

Sitaandika alizaliwa wapi wala babake ni nani. Yeye mwenyewe alitaja mahali tofauti kila mara. Kwa mama wa chapati alikuwa mtu wa Rongo. Kwa askari wa kaunti alikuwa mtu wa Nairobi. Kwa wageni wa kanisa waliokuja siku moja kututazama, alikuwa amekulia "huko nje", na hata sauti yake ilibadilika, akawa anaongea kama mtu aliyeungua ulimi. Sisi tulimwita Dairekta kwa sababu hivyo ndivyo alivyotuambia tumwite siku ya kwanza, kabla hajatuambia karibu.

Yeye naye hakutuita kwa majina. Alituita kwa kazi zetu. "Kamera, njoo hapa. Taa, toa kivuli chako." Mimi nilipewa maiki siku ya pili, kwa sababu, alisema mbele ya wote, mtu asiyeongea hawezi kuharibu rekodi. Kuanzia hapo nikawa Sauti. Chacha, kijana wa Kegonga mwenye shingo ndefu, ndiye aliyechaguliwa kucheza mzimu, na Dairekta alimwita Mzimu hata alipomtuma maji.

"Mzimu, leta maji ya kunywa."

"Dairekta, mimi naitwa Chacha."

"Ukiniletea maji nitafikiria."

Alikuwa na maneno yake ambayo aliyaandika ukutani kwa makaa, na mwenye nyumba akawa anayafuta kila Jumatatu. Woga hauhitaji bajeti. Mtazamaji ni ng'ombe, mwongoze. Kama huogopi, hujaelewa. Aliyasema akitembea mbele yetu na mikono nyuma, halafu anasimama ghafla na kumtazama mmoja wetu machoni mpaka yule mtu ainamishe kichwa. Mimi nilikuwa nainamisha mapema ili amalize haraka. Niliyanakili yote kwenye daftari. Mimi huandika polepole, na mara nyingi nilikuwa bado naandika woga hauhitaji wakati yeye ameshafika kwa ng'ombe. Leo nikilifungua lile daftari sioni kitu hata kimoja ambacho mtu anaweza kukifanyia kazi.

Alitutisha sana, lakini yeye mwenyewe alikuwa mwoga kuliko sisi wote.

Filamu yetu ilikuwa ya kutisha, na karibu yote ilikuwa ya usiku. Lakini Dairekta hakupiga picha usiku hata mara moja. Alichukua jalada la plastiki la bluu, lile la kuwekea vyeti, akalikata na kulifunga kwa mpira mbele ya kamera. "Huu ndio usiku," alisema. Tulipiga usiku wetu kuanzia saa nne asubuhi. Ukiitazama ile filamu, utaona mzimu unatoka kichakani kwa hatua za kutisha, na nyuma yake kuku anaongoza vifaranga, na mwanamke anapita na debe la mahindi kwenda kusaga. Kivuli cha Chacha kiko chini ya miguu yake kabisa kwa sababu jua liko utosini. Saa kumi ikifika, hata kama tumebakisha tukio moja, Dairekta alianza kutazama barabara akitafuta pikipiki.

"Dairekta, si tungoje giza liingie kidogo?" Chacha aliwahi kumwuliza. "Litakuwa giza la kweli, na la bure."

"Giza la kweli ni la watu wasio na ujuzi, Mzimu."

Siku moja, saa tisa mchana, mvua kubwa ilikuja, mawingu yakafunga, stima ikapotea, na chumba chetu kikawa cheusi kabisa. Nilisikia mtu ananishika mkono. Alinishika kwa nguvu, kucha zikaingia kwenye ngozi, na alikuwa anapumua kama aliyekimbia. Stima iliporudi nikaona ni yeye. Aliniachilia, akatazama ukutani, akasema alikuwa anakagua waya. Waya ulikuwa upande mwingine wa chumba. Alama za kucha zilikaa kwenye mkono wangu siku mbili, na katika siku hizo mbili ndipo nilipoanza kumdharau, kwanza kidogo.

Damu yake ilikuwa nyanya ya kopo iliyochanganywa na sukari ili ing'ae. Hakuwahi kufikiria kwamba sukari ina wapenzi wengine. Siku tuliyompaka Chacha damu shingoni na kumlaza kwenye nyasi awe maiti, siafu walimfikia kabla hatujaanza. Maiti ikaruka, ikavua shati, ikakimbilia mtoni inapiga kelele kwa Kikuria. Dairekta aliifukuza na kamera akiita, "Usiache! Endelea! Huo ndio woga!" Kipande hicho kimo katika filamu. Watu walipokitazama walicheka mpaka wakalia, na Dairekta akaeleza baadaye kwamba kicheko ni aina ya juu ya woga.

Ana jambo moja jema, na nitalisema ili nisiwe mwongo kama yeye. Kila tulipomaliza mahali, kabla hatujafunga vifaa, alitulazimisha kusimama kimya dakika moja nzima ili nirekodi ukimya wa mahali pale. Alisema kila mahali pana ukimya wake, na usipouchukua, filamu yako itakuwa na mashimo. Hilo ni kweli. Ukimya wa chumba juu ya duka la mbolea si ukimya wa kando ya mto. Nimelithibitisha kwa masikio yangu na bado nalifanya. Ila yeye mwenyewe hakuweza kukaa kimya dakika hiyo. Kila mara, sekunde kama ya arobaini, alikohoa, au akapiga ulimi, au akasema kwa sauti ya chini, "Safi sana." Nina rekodi nyingi za ukimya, na zote zinaishia kwa Dairekta kujisifu.

Sasa nifike kwenye lile alilotufanyia nyumbani.

Wiki ya tatu alituketisha kwa mduara na kusema kila mtu aseme kitu kinachomtisha. Wengine walisema nyoka, wengine maji ya ziwa, Chacha akasema mtihani. Ilipofika zamu yangu sikuweza kuongea. Dairekta akanijia, akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa upole ambao sikuwa nimeuona kwake, "Sauti, niambie mimi tu." Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu baba mdogo, mdogo wa mwisho wa baba, aliyevuka mpaka wa Isebania kwenda kuchimba dhahabu upande wa Tanzania na hajarudi miaka mitatu. Nikamwambia kuhusu Dani, nyanya yangu, anayeishi peke yake karibu na Asumbi, ambaye bado anafagia kibanda cha yule mwanawe kila Jumamosi na kumwachia mtungi wa maji. Nilimwambia kinachonitisha ni kwamba siku moja mtu atakuja na habari, na mimi ndiye nitakayetumwa kumweleza Dani.

Dairekta alisimama. Macho yalikuwa yanang'aa. "Hiyo ndiyo filamu yetu," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Kesho yake hadithi ilikuwa tayari. Kijana anakufa machimboni, analetwa nyumbani, anazikwa vibaya, na anarudi kama mzimu kumdai mama yake. Nilitaka kusema hapana. Nililifikiria neno lenyewe siku tatu, na siku ya nne tulikuwa tayari nyumbani kwa Dani na vifaa. Mimi ndiye niliyemwombea ruhusa. Nilimwambia Dani tunakuja kupiga picha za masomo, na akafurahi, akachemsha chai ya maziwa ya watu kumi na wawili.

"Huyu ndiye mwalimu wako?" aliniuliza, akitazama lile koti. "Ana homa?"

Siku mbili za kwanza Dairekta alipiga picha za nyumba, za mlango, za mikono ya Dani ikipepeta mtama. Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko na Dani alikuwa ameenda kuuza mboga. Nadhani aliichagua siku hiyo. Nadhani, lakini sina shaka. Aliingia uani, akapima kwa hatua mbele ya kibanda cha baba mdogo, akachora mstari kwa kisigino.

"Hapa. Futi sita."

Hakuna aliyesogea. Chacha alikuwa ameshika jembe la Dani.

"Dairekta, hata kwetu Kegonga hii haifanywi. Kaburi halichimbwi bila mtu."

"Ni shimo, Mzimu. Shimo ni shimo."

"Basi tuchimbe huko barabarani."

"Huko barabarani hakuna kibanda!" Alimnyang'anya jembe. "Wewe ni msanii ama ni mzee wa kijiji? Kamera, tayari? Sauti, tayari?" Akalipiga jembe la kwanza yeye mwenyewe, akajifanya amechoka, akajipangusa paji la uso ili tuone jinsi mtu anavyochimba kwa huzuni. Kisha akawapa wengine.

Mimi nilikuwa tayari. Nilishika maiki juu ya shimo na kurekodi jembe likiingia udongoni, na mawe yakigongwa, na udongo ukitupwa. Ni sauti nzuri kuliko zote katika filamu ile. Kila aliyeitazama amesema hivyo. Sikusema neno lolote, na kwa hilo simlaumu Dairekta.

Tulipomaliza, Chacha aliuliza kama tulifukie. Saa kumi ilikuwa imekaribia. Dairekta alisema tutarudi kwa tukio la mwisho, tulifunike kwa mabati. Akapanda pikipiki. Hakurudi.

Dani alipotoka soko aliyaona mabati. Aliinua moja kwa mguu, akatazama ndani, akalirudisha. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, "Wamepata habari gani ambayo mimi sijapewa?" Nilimwambia hakuna habari, Dani, ni mchezo, mwalimu atakuja kulifukia. Aliingia nyumbani na hakula.

Mimi nilirudi Migori na kumwomba Dairekta twende tukalifukie. Alisema wiki ijayo. Wiki ijayo alisema filamu iko kwenye kukatwa na kuunganishwa vipande, asisumbuliwe. Kisha filamu ikaonyeshwa, mara moja Migori, na mara ya pili katika ukumbi wa kanisa huko kwetu, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Ilipoisha alisimama mbele ya shuka jeupe, jasho likimtiririka, akanyoosha mkono wake.

"Mlichokiona ni kweli tupu. Hii ni hadithi ya kweli. Huyo kijana ni wa hapa hapa, na hilo kaburi liko wazi mpaka leo, nyumbani kwa mama yake."

Nilikuwa nimekaa nyuma, na sikusimama kumkanusha. Alikuwa anayapenda maneno hayo, hadithi ya kweli, kuliko filamu yenyewe. Alikuwa ameyaandika kwenye karatasi ya tangazo kwa wino mwekundu, makubwa kuliko jina la filamu.

Kesho yake asubuhi watu walianza kufika kwa Dani kumpa pole. Walikuja na sukari, majani ya chai, na wengine na kuku. Mwanamke mmoja alianza kulia akiwa bado njiani, jinsi wanawake wa kwetu wanavyoingia kwenye msiba. Dani alisimama mlangoni na ufagio mkononi.

"Mnamlilia nani?"

"Ouko, mama. Tumesikia."

"Mmesikia kwa nani?"

"Tumemwona kwenye filamu."

Walipokwenda, waliacha vitu vyao mlangoni, kwa sababu mtu hawezi kurudi nyumbani na sukari ya matanga. Wiki iliyofuata wazee wa ukoo wakaja. Walizunguka lile shimo, wakakaa chini. Mkubwa wao, mzee mrefu anayeongea polepole, alieleza jambo ambalo sisi sote tulilijua tangu utotoni na Dairekta pia alilijua, awe wa Rongo au wa huko nje. Kaburi lililochimbwa halifunikwi tupu, na halikai wazi. Lazima kitu kiingie. Kwetu, mtu akifa na maiti isipatikane, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu na zito la mti wa mwegea, na baada ya hapo amekufa. Hata akitokea barabarani kesho, amekufa. Hana nyumba, hana mahali pa kuingilia.

"Miaka mitatu, mama," alisema mzee. "Na shimo limeshachimbwa mbele ya nyumba yake. Na watu wameshalia. Tuweke yago, tumlaze mtoto."

"Mwanangu si yago," Dani akasema.

"Basi tufanye nini na hili?"

Walibishana mpaka jua likapinda. Mwishowe wazee walikubaliana hivi. Aliyepiga jembe la kwanza aje mwenyewe, asimame hapa, aseme kaburi hili ni la nani. Akisema si la mtu, ataweka yago kwa mkono wake na kulifukia kwa mkono wake, na litakuwa si la mtu. Asipokuja kabla ya mvua kuanza, yago itazikwa kwa jina la Ouko. Dani aligeuka akanitazama mimi. Hakuna mwingine aliyejua pa kumpata.

Chumba cha juu ya duka la mbolea kilikuwa kimefungwa. Mwenye nyumba alikuwa amepaka rangi ukutani, na makaa bado yalionekana chini ya rangi. Simu ya Dairekta iliita bila kupokelewa. Chacha ndiye aliyesikia kwamba amehamia Homa Bay, anafundisha kwenye ukumbi karibu na soko la samaki. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri. Nilikwenda.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa mbele ya wanafunzi wapya kama kumi na watano, koti lile lile, mikono nyuma.

"Mpaka leo, sikilizeni, mpaka leo lile kaburi liko wazi. Hakuna mtu katika kijiji kile mwenye moyo wa kulifunika. Kwa nini? Kwa sababu nilichokitengeneza kilikuwa cha kweli."

Halafu akaniona mlangoni. "Huyu hapa!" akapiga makofi. "Huyu ni Sauti wangu! Alikuwepo! Sauti, waambie kuhusu kaburi."

Wote waligeuka. Mimi huwa siwezi kuongea watu wakinitazama. Nilitazama viatu vya msichana wa mbele, vilikuwa vya bluu, na nikaviambia viatu.

"Wazee wanasema uje ulifunike. Wewe ndiye uliyepiga jembe la kwanza. Usipokuja watamzika baba mdogo na yeye yuko hai."

Dairekta alicheka. Alicheka peke yake. "Mnaona?" akawaambia. "Mnaona nguvu ya filamu?"

Msichana mwenye viatu vya bluu akasema, "Kwani Dairekta huogopi? Si ulisema wao ndio hawana moyo?"

"Mimi? Niogope nini?"

"Basi twende sote! Twende Jumapili tukaone ukilifunika."

Wakaanza kushangilia, wakapiga viti. Hakuwa na njia. Alisema haya, Jumapili, saa nne, kila mtu aje na maji yake. Akaniaga bila kunitazama.

Alikuja Jumamosi. Alikuja peke yake, na pikipiki, saa mbili asubuhi, ili wanafunzi wasione. Nilimdharau kwa hilo, ingawa jambo la maana ni kwamba alikuja. Alikuwa amevaa koti. Wazee waliitwa, wakaja watano, na yago ikaletwa, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ikawekwa kando ya shimo juu ya jani la mgomba. Maji ya ardhini yalikuwa yameanza kukaa chini ya shimo. Dairekta aliyatazama, akatazama yago, akasogea hatua moja nyuma, akakohoa.

"Wazee wangu, mama yangu. Sanaa ni kioo cha jamii. Hadithi hii nilipoiandika..."

"Hatukukuita kwa hadithi," alisema yule mzee mrefu. "Kaburi hili ni la nani?"

"Ni la mhusika, jaduong'. Wa filamu."

"Mhusika ni mtu?"

"Si mtu kabisa."

"Alifia wapi?"

"Hakufa. Yaani, kwenye filamu alikufa. Lakini hayupo."

"Hayupo vipi? Uliwaambia watu kanisani ni kweli. Ni kweli ama si kweli?"

Dairekta alinitazama mimi kana kwamba nina karatasi yenye maneno yake. Sikumsaidia. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka kidogo, na nakumbuka nilifikiri huo ndio woga aliokuwa anamtaka Chacha auigize, na wala hakuna siafu.

"Si kweli," akasema. "Niliongeza. Niliwadanganya."

"Sema vizuri, wote wasikie."

"Nilidanganya! Hakuna aliyekufa."

Wazee wakaguna. Nilidhani yameisha. Lakini Dani, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya kibanda, aliinuka akaja mpaka ukingoni, upande wa pili wa shimo, akamtazama Dairekta usoni.

"Mtaje kwa jina. Sema mwanangu hayumo humu."

Dairekta alifungua mdomo. Akaufunga. Akatazama chini, akatazama kibanda, na polepole sote tukaelewa kitu ambacho mimi nilipaswa kukijua tangu siku ya mduara. Hakuwa na jina la kutaja. Alimfanya mtu kufa, akamzika, akamfufua, akamwonyesha kwa mamia ya watu, na hakuwa amewahi kuuliza anaitwa nani.

"Anaitwa Ouko," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Walinisikia.

"Ouko," akasema Dairekta. "Ouko hayumo humu."

Dani alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye kiti chake.

Dairekta alipiga magoti akaiteremsha yago kwa mikono miwili. Ilimponyoka mwishoni ikaangukia maji. Kisha wakampa jembe, na wazee hawakumsaidia hata kidogo. Mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto wa wiki moja. Alipofika nusu alivua lile koti, akalitundika kwenye mti wa mapera, na chini yake alikuwa na shati lililochanika kwapani. Alifukia mpaka saa sita na nusu. Alipomaliza viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na Dani akamletea maji kwenye beseni na sabuni ya kipande, akamwambia, "Nawa, mwanangu, ule." Mimi nisingempa hata maji.

Nilimmiminia kwa sababu Dani alinitazama. Dairekta aliinama karibu na sikio langu.

"Ulirekodi?"

"Hapana."

"Hata kwa simu?"

"Hapana."

"Hasara," akasema, na alihuzunika kweli, niliiona huzuni yenyewe. "Sauti, hasara kubwa. Sijawahi kusema maneno vizuri namna ile."

Wazee walikuwa wanaondoka mmoja mmoja. Dani alipanda juu ya udongo mpya akaukanyaga kwa miguu yote miwili, kwenda na kurudi, jinsi anavyokanyaga sakafu ya nyumba inayosiribwa, mpaka ukawa sawa na ua. Halafu akaniita.

"Lete simu. Mpigie Ouko."

Nilibonyeza namba, nikamwekea sikioni. Ilikuwa ile sauti ya mwanamke inayosema mteja hapatikani. Dani alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mgeni, mpaka akamaliza kusema kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nyuma yetu Dairekta alikuwa bado anasugua kucha zake kwenye beseni.

"Amezima," Dani akaniambia, akanirudishia simu. "Akiwasha ataona tumempigia."